Katika nchi ya wanyonya damu, tumweke mtu gani?

Mara nyingi tunapozungumza juu ya hadithi za jioni tunauliza zilifundisha nini na kwa nini zinapotea. Safari hii tunataka kuuliza jambo lingine, linaloonekana dogo, kumbe si dogo. Kabla hadithi haijaanza, lazima wawepo watu wa kutembea ndani yake. Watu hao wanaumbwa namna gani? Na hasa, ikiwa nchi ya hadithi inatawaliwa na wanyonya damu, mtu mwema wa nchi hiyo awe mtu wa namna gani?

Swali hili limetufikia kwa njia ya mchezo wa kigeni. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo unaoitwa Dungeons & Dragons. Hauna uwanja wala mpira, na si kama bao ambamo mmoja lazima amshinde mwenzake. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja anasimulia, wengine kila mmoja anaumba mtu wake na kuandika habari zake kwenye karatasi: anajua kazi gani, ametoka wapi, ana nguvu gani na udhaifu gani. Msimulizi anasema: "Mmefika kijijini, milango yote imefungwa." Kila mmoja anajibu mtu wake atafanya nini, na pale ambapo mwisho wa jambo haujulikani wanatupa dadu. Mwaka 1983 Tracy Hickman na mke wake Laura waliutungia mchezo huo hadithi ya Ravenloft. Humo mna nchi ya Barovia, iliyozungukwa na ukungu usiomruhusu mtu kutoka, na mtawala wake Strahd ni mfu anayeishi kwa damu ya raia zake.

Vijana wetu walioko ng'ambo wanaweza kuufahamu mchezo huu, na hata hapa kwetu mwenye simu anaweza kusoma habari zake. Sasa, anayeanza kuucheza huumba upesi mtu wa aina moja: shujaa aliyetoka mbali, hana baba wala mama, hana deni, hana shamba, ana upanga tu. Anaingia, anamwua mnyonya damu, anakwenda zake. Sisi tunasema mtu huyo bado hajaumbwa. Ni upanga uliopewa jina.

Tunasema hivyo kwa sababu habari za wanyonya damu si ngeni katika nchi zetu. Pwani wanasema mumiani. Nairobi na Kampala, wakati wa Waingereza, walisema wazimamoto, maana watu waliamini kwamba wafanyakazi wa zimamoto walikuwa wanakamata watu usiku na kuwatoa damu. Katanga, wakati wa Wabelgiji, walisema batumbula. Mwanahistoria Luise White alikusanya habari hizo na kuzitoa katika kitabu mwaka 2000. Hakuwacheka waliozisimulia. Aliona kwamba kwa maneno hayo watu walikuwa wanazungumza juu ya utawala, kazi na hofu waliyoishi nayo.

Angalieni jambo moja katika habari hizo. Bwana mwenyewe haonekani sana. Anakaa ofisini, au nyuma ya ukuta. Anayekutana nawe njiani usiku, mara nyingi ni mtu mweusi sawa wewe, amevaa nguo za kazi, analipwa mwisho wa mwezi. Waliosimulia walijua kitu ambacho yule shujaa wa upanga hakijui: mnyonya damu mmoja hawezi kutawala nchi nzima. Anahitaji mlinzi wa mlango, mpishi, karani, mtu wa kuhesabu vichwa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Historia ya Maniema iko na watu wengi wa katikati namna hii. Chukueni Ngongo Lutete. Utotoni alikamatwa mtumwa. Akakua, akawa mkubwa wa vita chini ya Tippu Tip, yule Hamed bin Muhammed wa Unguja aliyefanya Kasongo kuwa kituo chake katika miaka ya 1870. Mtoto aliyefungwa kamba akawa mtu wa kuwafunga wengine kamba. Mwaka 1892 akahamia upande wa Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II, na watu wake wakawa pamoja na jeshi la Francis Dhanis lililoteka Nyangwe mwezi Machi 1893 na Kasongo mwezi Aprili. Septemba mwaka uleule, maafisa wa Dola ileile walimshitaki uhaini, wakampiga risasi kule Ngandu. Januari 1894 boma la Kabambare nalo likaanguka. Wazungu waliviita vita hivyo vita vya kumaliza utumwa. Lakini nyuma yake vilikuja mpira wa msituni na mizigo ya kubeba kichwani, na tangu 1917 kilimo cha lazima cha pamba, na Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kulimishwa.

Sasa mweke Ngongo Lutete mezani, pamoja na dadu. Ni mwovu? Ni mwenye kuonewa? Ni mkombozi? Ukijibu kwa neno moja tu, umemkosa.

Tujaribu kuumba mmoja sisi wenyewe. Awe kapita wa pamba katika kijiji kimoja cha Kabambare, miaka ya 1930. Kazi yake ni kuamsha watu alfajiri na kuangalia kama kila mwanaume amesafisha shamba lake lililopimwa. Asiyelima anaandikwa, na nyuma ya kuandikwa kuna kiboko au kifungo. Pamba yenyewe bei yake hawaipangi wao. Kapita akikataa kazi, Leta itamweka mwingine, labda mkali kuliko yeye, na yeye mwenyewe ana watoto. Basi anaenda, anapita mlango kwa mlango, anaita.

Mpaka hapo hatujui bado ni mtu gani. Amri si yake, kiboko si chake. Lakini tuseme kabla ya kuandika majina anawatuma wajane wapalilie kwanza shamba lake mwenyewe. Tuseme anapokea kuku ili jina la fulani lisiandikwe, na asiye na kuku anachapwa. Hapo hakuna aliyemtuma. Hapo anakunywa kwa kikombe chake. Au tuseme kinyume: anaona mgonjwa hakulima, anamwambia mzungu wa mashamba kwamba nguruwe wa porini waliharibu. Hapo pia hakuna aliyemtuma, na yeye akijulikana atachapwa. Kapita wawili, amri moja, kijiji kimoja, na watu hawa hawafanani hata kidogo. Kwa maoni yetu, mtu wa hadithi anaumbwa pale: katika ile nafasi ndogo ambayo bwana hakuweza kuijaza. Nguvu zake na silaha zake zinaweza kuandikwa baadaye.

Ndiyo maana kwa yeyote anayeumba watu, awe msimulizi, mwalimu wa mchezo wa kuigiza au kijana mwenye dadu, tunapendekeza maswali manne. La kwanza: mtu huyu anakula wapi? Katika nchi ya wanyonya damu kila chakula kimepita mikononi mwa mtu fulani. La pili: ana deni kwa nani? Asiye na mjomba, mkwe wala jirani hawezi kushikwa, na asiyeweza kushikwa hajajaribiwa. La tatu: ni jambo gani hatalifanya, hata wakimwua? Kama halipo, msimulizi alijue mapema. La nne, ambalo wachezaji husahau: siku bwana akianguka, mtu huyu ataishi wapi, na nani?

Swali hilo la nne ndilo letu hasa. Katika Ravenloft, Strahd akishindwa hadithi imefika mwisho. Kwetu, bwana akiondoka kapita anabaki. Nyumba yake iko palepale, kisima ni kilekile, watoto wake wanasoma na watoto wa yule aliyechapwa.

Na hapa si mchezo tena. Mwaka 1964 Simba waliingia Maniema, wakaitawala, wakaondolewa. Jeshi lililorudi nalo liliuliza nani alikuwa na nani. Kati ya 1998 na 2003, wakati mji wa Kasongo ulikuwa mikononi mwa RCD na vijiji vingi vya pembeni mikononi mwa Mayi-Mayi, mtu aliweza kulipa kwa hawa mchana na kwa wale usiku, kwa sababu ya kikapu kimoja cha mihogo. Vita vilipoisha majina yalibaki. Kijana aliyebebeshwa masanduku ya risasi anaitwa mtu wa kundi fulani. Dada aliyepikia askari anaitwa mke wao. Mtoto wake, ambaye hakuwapo, naye anabeba jina hilo mpaka shuleni.

Mtoto anayelishwa hadithi zenye watu wawili tu, shujaa na mnyonya damu, akikua atamtafuta mnyonya damu mtaani mwake. Naye atampata, maana anayetafuta kwa nia hiyo hamkosi mtu. Mwaka 2017, kusini ya Malawi, katika wilaya za Mulanje na Phalombe, uvumi wa wanyonya damu ulienea hata makundi ya raia yakaua watu wasiopungua watano, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake huko kwa muda. Damu iliyomwagika hakika ilikuwa ya waliosingiziwa. Kwa hiyo tukiambiwa na wazee wa dini kwamba michezo ya namna hii italeta uchawi, tunawajibu kwa heshima: mezani wote wanajua kwamba ni hadithi, na wakimaliza wanaagana salama. Hatari iko pale ambapo watu wanaumba wahusika kutokana na majirani zao na hawajui kwamba wanaumba.

Wengine watatuuliza: mkimtafutia kila mtu sababu yake, si mtakuwa mmewafuta wakosaji wote? Hapana. Kumjua mtu na kumsamehe ni mambo mawili, na la pili halitokani na la kwanza peke yake. Kipimo chetu cha nafasi hakimwokoi mkosaji, kinamshika barabara zaidi. Aliyebebeshwa sanduku kwa kutishwa bunduki alibakiwa na nafasi ya kidole. Aliyeshika bunduki hiyo alikuwa na nafasi ya uwanja mzima, na aliyeua au kubaka ndani ya nafasi hiyo hana mtu wa kumpelekea lawama. Ajibu mbele ya sheria. Ila tunapomweka mbeba sanduku na mwenye bunduki chini ya jina moja, anayefaidika ni mwenye bunduki, kwa sababu hatia yake imegawanywa kwa watu wote.

Kuna jambo gumu ambalo hatuwezi kulimaliza hapa. Je, yule kapita mwema, aliyedanganya kwa ajili ya mgonjwa, hakuifanya kazi ya pamba iende vizuri zaidi kwa upole wake? Labda kijiji chenye kapita mkali kingekimbilia msituni mapema, au kingekataa. Katika baraza zetu wengine wanasema afadhali mkali, maana anaamsha watu. Wengine wanasema anayesema hivyo hajachapwa. Sisi tunaelekea kwa hawa wa pili, lakini tunakubali kwamba mhusika mzuri ni yule anayetuacha na ubishi wa namna hiyo.

Basi tunawaomba walimu na vijana wa Kasongo na Kabambare: mkitunga mchezo juu ya nyakati mbaya, msiishie kwa mfalme mbaya na kijana mwenye upanga. Wekeni karani. Wekeni mpishi. Wekeni mama anayelipa mara mbili, na kapita mwenye karatasi ya majina mkononi. Nendeni kwa wazee waliolima pamba wangali wapo, mkawaulize: kapita wenu alikuwa mtu gani? Mtasikia mara nyingi wakianza kwa kusema alikuwa mbaya, halafu wananyamaza kidogo, halafu wanaongeza neno. Liandikeni neno hilo la pili.