Mgeni wa Krismasi na Sahani ya Mtoto



Krismasi inapokaribia, kila mama mwenye nyumba hapa kambini anajua kinachomngoja. Kwaya inafanya mazoezi mpaka usiku. Watoto wanauliza habari za nguo kila asubuhi kabla hata ya kuosha uso. Shangazi ametuma salamu kwamba yuko njiani kutoka Garissa na wajukuu wawili, shemeji wa mtaa wa pili amesema atapita "kusalimia tu", na sote tunajua kusalimia siku ya Krismasi kunaishia wapi. Ndugu wa Ethiopia nao wana Krismasi yao tarehe 7 Januari, kwa hiyo wageni wakiisha wa kwanza wanaanza wa pili. Na sufuria ni ile ile.

Nataka tufikiri pamoja juu ya jambo ambalo watu wengi wananong'ona lakini halisemwi kanisani. Je, mzazi ana haki ya kuchukua chakula cha mtoto wake na kumpa mgeni?

Msikimbilie kujibu. Neno la Mungu lenyewe linatubana pande mbili. Waebrania 13:2 inatuonya tusisahau kuwakaribisha wageni, maana wako waliowakaribisha malaika bila kujua. Lakini 1 Timotheo 5:8 inasema kwamba asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ameikana imani, naye ni mbaya kuliko asiyeamini. Mahubiri ya Desemba mara nyingi huchukua aya ya kwanza, na ile ya pili inangoja Januari, wakati unga umekwisha.

Baadhi yetu tuna ndugu wa damu katika pwani ya Kismayo na visiwa vya Wabajuni, na wengine tumekaa mtaa mmoja na Wabajuni miaka mingi. Naanzia huko, kwa sababu watu wa pwani ile wanajua sana habari ya mgeni. Visiwa vyao, Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vinginevyo, vimejipanga kutoka karibu na Kismayo kushuka kusini hadi Rasi Kiamboni, jirani na mpaka wa Kenya. Ni visiwa vya mawe ya matumbawe, maji ya kunywa ni ya shida, na mashamba si makubwa. Riziki ni bahari. Desemba ndio wakati kaskazi inapoanza kuvuma, na kwa karne nyingi upepo huo ndio uliosukuma majahazi kutoka Uarabuni na pwani ya Somalia kwenda Lamu, Mombasa na Unguja. Kwa hiyo mwezi wetu wa Krismasi, kwa watu wa bahari, ulikuwa mwezi wa wageni zamani sana, hata bila Krismasi.

Mgeni akishuka chomboni alikula. Hakuna aliyehesabu. Chakula kiliwekwa kwenye sinia, watu wakazunguka, kila mmoja akala upande wake. Aliyeleta samaki leo angekwenda baharini kesho, na kama bahari imechafuka palikuwa na ng'onda ndani. Methali ya Kiswahili inasema, mgeni njoo mwenyeji apone. Nyingine inasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huzitaja hizi mbili kana kwamba zinapingana, lakini mimi naona zinashikana mkono. Mwenyeji anaweza kuwa mkarimu siku mbili bila hofu kwa sababu siku ya tatu jembe lipo, na shamba lipo. Kwa Mbajuni, jembe hilo lilikuwa mshipi na nafasi katika mashua.

Kisha vita. Siad Barre aliikimbia Mogadishu mwishoni mwa Januari 1991, kaskazi ikiwa bado inavuma, na upepo ule ule uliokuwa ukileta wageni ukawasukuma wakimbizi kusini. Wabajuni wengi walifika Mombasa wakawekwa kambi ya Jomvu. Wengine walikuwa Utange na kwingineko. Kambi za pwani zilifungwa katika miaka ya 1990. Wako waliorudi visiwani, na wako walioletwa huku Kakuma, mahali ambapo mto Tarach huwa mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Mvuvi akapewa kadi ya chakula.

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipobadilika, na nadhani hatujalitazama vizuri. Kipimo ambacho mashirika hutumia ni kalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku, na kadi huhesabu vichwa. Kichwa kisichoandikwa hakipo. Katika miaka ya karibuni hata kipimo hicho hakifikiwi. Katikati ya mwaka 2025 mgao hapa Kakuma ulikatwa hadi chini ya theluthi moja ya kipimo kamili. Hakuna bahari ya kesho. Kwa hiyo ukimkaribisha mgeni asiye kwenye kadi yako, hutoi katika ziada. Unatoa katika fungu la mtu fulani mwenye jina, na mara nyingi mtu huyo ana miaka sita na hakuulizwa.

Mzee mmoja tuliyekuwa tukizungumza naye alinipinga hapa, na hoja yake ina nguvu. Alisema kadi humhesabu mtoto wa miaka miwili sawa na baba yake, kilo kwa kilo. Mtoto mdogo hawezi kula vyote hivyo. Basi fungu lake ni la nyumba nzima, na mama ndiye mwenye kugawa. Ni kweli. Nyumba zenye watoto wadogo wengi zilikuwa na nafasi kidogo ya kupumua, na nafasi hiyo imelisha wageni wengi bila mtu kulia. Lakini hoja hiyo ilikuwa ya siku za mgao kamili. Mgao ukikatwa hata robo tu, nafasi ile ndiyo inayokwenda kwanza. Na kama nyumba ina mtoto ambaye kliniki imempima mkono na kumwandikia unga wa lishe, huo unga si wa nyumba. Huo ni dawa, na hatugawi dawa ya mtoto kwa wageni hata siku ya Krismasi.

Tena tutazame desturi zetu mezani. Karibu kila kabila lililo hapa, wageni na wanaume hutengewa kwanza, na watoto hupewa kilichobaki. Chakula kikiwa kingi, hii ni adabu nzuri tu. Kikiwa kidogo, "mgeni kwanza" maana yake ni "mtoto mwisho", hata kama hakuna aliyelisema neno hilo. Sinia nayo haihesabu: mwenye mkono mwepesi anashiba.

Wahubiri hupenda kutuletea mjane wa Sarepta (1 Wafalme 17:8-16). Eliya alimwomba mkate, akamwambia amfanyie yeye kwanza, ndipo ajifanyie yeye na mwanawe. Mimi aya hizo zilinisumbua miaka mingi, kwa sababu humo kuna mtoto anayengoja. Lakini someni tena. Kabla ya kutoa chochote, mjane alimweleza mgeni ukweli wote: unga uliobaki ni konzi moja, mafuta ni kidogo, na baada ya hapo mimi na mwanangu tunakufa. Hakuficha pipa lake kwa ajili ya heshima. Eliya alijua anaomba nini, akaomba akiwa na neno la Bwana kwamba unga hautapunguka. Shangazi yetu wa Garissa haji na ahadi hiyo. Akija bila kujua hali yetu, na sisi tukimpikia pilau kana kwamba pipa limejaa, tumemfanya mla fungu la mtoto pasipo yeye kujua. Akijua, nani kati yenu anadhani angelimeza tonge?

Ibrahimu naye alikimbilia zizini akachagua ndama (Mwanzo 18). Alikuwa na zizi. Yule kijana mwenye mikate mitano na samaki wawili (Yohana 6:9) ndiye aliye karibu nasi zaidi, na wavuvi wa Chula wangemwelewa upesi. Chakula kilikuwa mikononi mwake, si cha mama yake. Biblia haisemi walimwombaje, ila sioni mahali inaposema walimnyang'anya. Mtoto anaweza kutoa. Watoto wetu hutoa kuliko sisi wakishirikishwa. Mwambie wa miaka minane kwamba wajukuu wa shangazi hawana kadi, uone kama hatamega andazi lake. Kinachochukuliwa kwake kimyakimya sikiiti sadaka. Mtu mzima atoe kilicho chake, hata afunge siku nzima akitaka, isipokuwa mama mjamzito na anayenyonyesha, maana fungu lake lina mdomo wa pili.

Watu wataniambia kwamba nawafundisha watoto uchoyo. Wengine watasema ni aibu kumwambia mgeni habari za unga. Aibu hiyo naijua. Ndiyo inayowafanya watu wauze mahindi ya siku kumi ili wanunue soda kreti moja na gauni la mtumba lenye utepe. Sisemi msiwanunulie watoto nguo. Mtoto aliyevaa kitu kipya siku moja kwa mwaka ana kitu cha kukumbuka, na si kila kitu hupimwa kwa kalori. Nasema tu hesabu ifanyike mchana, mume na mke wakiwa pamoja.

Sasa wale wenye ndugu kutoka pwani ya Kismayo wana jambo lao zaidi. Ndugu hao karibu wote ni Waislamu, nao wakija siku ya Krismasi wanakuja kwa ajili ya damu na mapenzi. Kama mtaa mmechanga mbuzi, mwacheni Mwislamu amchinje. Hivi ndivyo majirani wamefanya pwani yote, Lamu mpaka Tanga, ili kila mtu aweze kula, nasi Wakristo hatupungukiwi na kitu. Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya nyama na dhamiri ya ndugu (1 Wakorintho 8), ingawa habari zao zilikuwa tofauti kidogo. Walio wakubwa wanakumbuka kwamba Krismasi za 1998, 1999 na 2000 zilianguka ndani ya Ramadhani. Mwenye jirani aliyefunga angeweza kupika mchana na kutenga jua likizama, na watoto wakala mapema, bila mtu kuona ni kinyume cha desturi. Miaka hiyo inarudi: kalenda ya mwezi itaikutanisha Ramadhani na Krismasi tena mwanzoni mwa miaka ya 2030.

Na tafadhali, msiwapige picha. Desemba 2015 serikali ya Somalia ilitangaza kupiga marufuku sherehe za Krismasi na mwaka mpya, na kwa Al-Shabaab, ambao waliishika Kismayo mpaka mwaka 2012 na bado wako vijijini, mtu kuonekana nyumbani mwa Wakristo siku hiyo si jambo la mzaha. Picha iliyotumwa kwa ndugu Marekani kwa furaha inaweza kurudi Kismayo kwa juma moja. Ukarimu wetu ni pamoja na kumwacha mgeni aondoke kama alivyokuja, bila kelele.

Basi nini cha kusema mlangoni? Mimi ningesema hivi: "Shangazi, karibu sana, shikamoo. Sisi tuko saba kwenye kadi, na mgao unaofuata bado siku tisa. Krismasi tunakula pamoja, na kesho yake. Baada ya hapo tukae tufikiri." Kisha watoto wote, wetu na wake, watengewe kwanza, sahani moja moja na si sinia, na wazee tugawane kilichobaki tukiimba. Wengine watashangaa mwaka wa kwanza.

Inabaki siku ya tatu. Hapa hatuna jembe la kumpa mgeni. Mkimbizi hana shamba, na kazi ni ya kubahatisha. Mgeni aliyekimbia kweli, asiye na pa kurudi, jembe lake ni kuandikishwa, na mwenyeji aende naye mpaka ofisini, asimwelekeze tu njia. Kuandikishwa kunaweza kuchukua miezi. Kwa miezi hiyo asiachiwe nyumba moja. Mtaa wenye nyumba ishirini, kila nyumba ikitoa kikombe kimoja cha unga kwa juma, ni kilo mbili na kitu. Hakimtoshi mtu mzima, lakini hakuna mtoto atakayekiona kikombe hicho kimepungua. Wazee wa kanisa walizungumze hili kabla ya tarehe 25, wachague mama wa zamu, apewe mfuko safi, apite Jumamosi mapema kabla kwaya haijaanza.