Mchunga Huanza na Mfereji Wake

Jumapili alasiri bustani ya Mama Ngina, Mombasa, hujaa watu. Familia hutandika mikeka chini ya mibuyu, watoto hudai kachiri za muhogo na madafu, na meli za Kilindini hupita karibu hata kuonekana majina yake ubavuni. Magharibi ikiadhiniwa, wengi huinuka. Nyuma yao hubaki chupa na vikombe vya plastiki, na bahari iko hatua chache tu, chini ya mwamba.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na mifuko ikapungua kweli. Chupa hazikuguswa na marufuku hiyo. Lakini Muislamu hangoji gazeti la serikali: Surat Rum, aya ya 41, imekwisha kueleza kwamba uharibifu wa nchi kavu na baharini umetokana na matendo ya mikono ya watu.

Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa kila mtu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Hadithi hii wapo wanaoikumbuka harusini tu, akisomewa bwana harusi. Mwenyekiti wa kamati ya msikiti naye yumo, na mwalimu mkuu wa madrasa, na mwenye mkahawa.

Pemba walijaribu kuyatumia mafunzo haya kulinda bahari. Kisiwa cha Misali, ambacho wenyeji hukihusisha na Nabii Khidhri na msala wake, kilitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998. Makatazo peke yake hayakutosha kuwazuia wavuvi wa baruti. Ndipo masheikh wakaingizwa kazini, wakizungumza na wavuvi kuhusu amana, israfu na haki ya viumbe kwa dalili za Qurani. Mvuvi anayemkwepa askari wa doria hawezi kumkwepa Mola wake, na hilo analijua vizuri kuliko mtu yeyote.

Sasa turudi Mombasa, Mji wa Kale. Msikiti wa Mandhry unakadiriwa kujengwa mnamo 1570. Zama za birika mtu alichota kwa kata, akatawadha, akamwachia mwenzake. Leo hufunguliwa mfereji mpaka mwisho, mtu akakunja mikono ya kanzu, akasalimiana na jirani, maji yakienda zake. Mtume alitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika lita. Nje ya ukuta wa msikiti uo huo, hamali anasukuma mkokoteni wa mitungi ya maji ya kuuza, kwa kuwa maji ya chemchemi za Mzima husafiri zaidi ya kilomita 200 na hayafiki kila nyumba.

Khutba ya israfu hapo haitafaa kitu ikiwa imamu mwenyewe ana chupa ya plastiki mimbarini.

Basi kamati za misikiti zianze Ijumaa hii: mifereji inayovuja itengenezwe, mtungi wa maji na vikombe vya kuosha virudi barazani, na vijana wa madrasa wapelekwe Mama Ngina na magunia, masheikh wao wakiwa mbele wameinama wakiokota.