Mwenye Mzigo Apewe na Sauti

Mwaka 1930 Papa Pius XI aliwatangaza Mtakatifu Kamilo wa Lellis na Mtakatifu Yohane wa Mungu kuwa wasimamizi wa wauguzi. Mwaka uliofuata, katika barua yake Quadragesimo Anno, alifundisha kwamba si haki mkubwa kumnyang'anya mdogo kazi ambayo mdogo aweza kuitimiza mwenyewe. Mambo hayo mawili twayaona kuwa ndugu.

Mwezi wa Mei 2020, askari wa Kanada waliotumwa kusaidia nyumba tano za wazee jimboni Ontario, wakati wa korona, walitoa habari ya kusikitisha: watumishi waliogopa kutumia hata bendeji na glavu, kwa kuwa vyagharimu fedha.

Fikirini, ndugu wasomaji. Mwuguzi aona kidonda cha mzee, ajua dawa yake, na mkono wasita! Kazi nyingi huchosha mwili, na usingizi huuburudisha. Bali kuzuiwa kutenda jema ulijualo huchosha roho.

Mtu atasema: fedha ni chache, tena sharti pawe na mkubwa. Hatukatai. Lakini mkubwa mwenye busara humwuliza kwanza yule akeshaye kando ya kitanda, ndipo akate shauri.

Nasi wenye wazazi katika nyumba hizo, tusiwe wepesi wa kumlaumu mwuguzi. Tuulize amepewa uwezo gani. Kuwaheshimu baba na mama ni pamoja na kumheshimu yule awageuzaye kitandani usiku.