Harufu ya Matope ya Mikoko



Sisi tukaao karibu na mlango wa Mto Ruvuma twaijua harufu ya matope ya mikoko: yanuka kama mayai viza. Wengi wetu tumezoea kusema kwamba mahali panaponuka hivyo ni pa kutupia taka tu. Basi tujiulize: je, kitu tusichokiona, wala hakitufai, kina thamani?

Mwaka 1977 wataalamu wa Marekani waliteremka kwa chombo kiitwacho Alvin hadi mita 2,500 hivi chini ya Bahari ya Pasifiki, karibu na visiwa vya Galápagos. Huko gizani, penye chemchemi za maji moto, walikuta chaza, na minyoo mirefu isiyo na kinywa wala tumbo. Baadaye ikajulikana ya kuwa minyoo hiyo hulishwa na bakteria wakaao ndani yake. Bakteria hao hutengeneza chakula si kwa mwanga wa jua, bali kwa nguvu ya hewa ya salfa, ile ile inukayo kama mayai viza. Mwaka 2000 Wajapani walizikuta chemchemi za namna hiyo katika Bahari yetu ya Hindi.

Kumbe kazi kama hiyo hufanyika pia katika maji mafupi ya pwani za joto. Matopeni, penye mikoko na nyasi za baharini, bakteria wengine huozesha majani yaliyokufa na kutoa hewa hiyo, ambayo ikizidi ni sumu kwa mizizi. Lakini wako chaza wadogo wanaojifukia humo, wenye bakteria katika matamvua yao. Bakteria huitumia sumu, chaza hupata chakula, nyasi hupona, na samaki wachanga hupata maficho.

Mtu atasema, "Kama yana faida, tuyatunze." Ni kweli, na mwaka 2000 Serikali iliweka Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Lakini jibu hilo halitoshi. Minyoo ya Pasifiki haitulishi, tena iliishi vizazi vingi bila kuonwa na mtu. Mungu alimwuliza Ayubu kama amepata kuziingia chemchemi za bahari, naye hakuwa na la kujibu. Thamani ya viumbe hao haikuanza siku tulipowaona.

Hatusemi mama asiye na kuni awalaze watoto na njaa kwa ajili ya mkoko. Shida yake ni juu yetu sote. Bali sisi tusio na dhiki hiyo, tupelekao taka zetu kule kwa sababu pananuka, tuna udhuru gani?