Pikipiki ya Njia Mbili

Kununua ni tendo dogo kwa mkono, lakini kubwa kwa dhamiri. Mkono hutoa fedha mara moja ukatulia. Dhamiri huulizwa upya kila kitu kile kionekanapo kimesimama uani. Kwa hiyo nakuomba, msomaji, tulitafakari pamoja swali ambalo huenda ukaliona la anasa: je, mtu mwenye mshahara wa kadiri, asiyefanya kazi ya uchukuzi, hufanya vema au vibaya akinunua pikipiki kwa ajili ya matembezi katika vijia vya milimani na nyikani? Usilicheke kwa sababu wewe bado hujamiliki hata baisikeli. Litakubishia mlango siku moja, kwa sura yake hii au kwa sura ya kamera, au ya mashua, au ya kitu kingine ambacho moyo hukitaka kabla akili haijaulizwa.

Yafaa kwanza tukijue kitu chenyewe. Pikipiki tunazoziona kila siku katika barabara za Kenya, zile za bodaboda, zimeundwa kwa ajili ya barabara na mizigo. Zipo nyingine za mashindano ya matopeni na mchangani. Hizo ni nyepesi, hazina taa wala vioo wala kibao cha nambari, na mwenye nazo haruhusiwi kuzitia barabarani. Hana budi kuzipakia garini hadi mahali pa kuchezea. Kati ya hizo mbili ipo ya tatu. Aghalabu ina gurudumu la mbele kubwa, la inchi 21, lipate kupanda juu ya mawe na mizizi. Ina springi ndefu na kiti cha juu. Walakini ina taa, honi, vioo na kibao cha nambari, kama sheria itakavyo. Mwenyewe huipanda mlangoni pake, akafuata lami hadi lami ikome, kisha akaingia kijiani bila ya kushuka. Kampuni ya Yamaha ya Japani ndiyo iliyoieneza sana aina hii ilipoanza kuuza DT-1 huko Marekani mwaka 1968. Zamani za kabla ya hapo, mtu aliyetaka kuingia porini mara nyingi alitwaa pikipiki ya barabarani akaivua vyuma vyake vizito kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka 1979 pikipiki nyingine ya kampuni hiyo, XT500, ilishinda mashindano ya kwanza ya Paris–Dakar, na tangu siku hiyo watu wengi ambao hawatauona mchanga wa Sahara kamwe wamelala wakiota wanauvuka.

Wazee walisema njia mbili zilimshinda fisi. Pikipiki hii iliundwa ili kumsahihisha fisi, na imefaulu kwa kiasi tu. Honda CRF250L, iliyotoka mwaka 2012, ina uzito wa kilo 144 hivi, zaidi ya kilo 30 juu ya ndugu yake wa mashindano, na kiti chake ki karibu sentimita 87 kutoka ardhini. Mtu mfupi akisimama juu ya mteremko huitafuta ardhi kwa ncha ya kiatu asiipate. Na pikipiki ikilala topeni mahali pasipo na mtu, kilo 144 ni nyingi kwa mgongo mmoja. Tairi zake nazo zina ugomvi usiokwisha: yenye meno makubwa hushika tope vizuri lakini huliwa upesi na lami, yenye meno madogo hudumu barabarani lakini huteleza kijiani. Mnunuzi huchagua ni hasara ipi ataivumilia.

Lakini hayo ni mambo ya fundi. Jambo la maadili, kwa maoni yangu, limo katika kile kibao cha nambari. Kibao hicho huifanya pikipiki kuwa halali barabarani, na hapo hapo humpa mnunuzi udhuru. Mtu anayetaka pikipiki ya mashindano hana pa kujificha. Kila mtu ajua kwamba anataka kucheza. Mwenye kuitaka ya njia mbili husema: Nitakwenda nayo kazini. Nitaokoa nauli. Mvua ikinyesha nitafika shuleni wakati wengine wamekwama. Nitampeleka mama hospitali. Maneno haya hayasemwi kwa mke au kwa mzazi tu. Husemwa kwanza na mtu kwa nafsi yake, usiku, na nafsi hukubali upesi kwa kuwa ilikuwa imekwisha kukubali zamani.

Sikatai kwamba wako ambao maneno hayo kwao ni kweli tupu. Daktari wa mifugo anayezunguka katika maboma ya wafugaji, au mhudumu wa afya ambaye njia yake hukatwa na mito mitatu, anahitaji mashine ya namna hii kama seremala ahitajivyo randa. Huyo hana swali la kumsumbua zaidi ya bei. Ila wewe ukijidai kuwa u mmoja wao, mtazame kwanza mwendesha bodaboda wa kijijini kwenu. Njia ile ile unayosema haipitiki ila kwa pikipiki ya milimani, yeye huipita asubuhi kwa pikipiki ya kawaida, nyuma amembeba mama mwenye mtoto, na mbele juu ya tangi pana kuku wawili kikapuni. Huipita tena jioni na gunia la mahindi. Nimewatazama watu hawa mara nyingi katika udongo mweusi wa wakati wa masika, na sijapata bado hoja ya kuwajibu.

Basi haja ikiondolewa, hubaki nini? Hubaki tamaa ya kucheza, nami naitetea. Mtu si punda wa kubeba mzigo Jumatatu hadi Ijumaa na kufungwa Jumamosi. Yapo mambo ambayo mwili hujifunza juu ya kijia chenye mawe: kusimama wima juu ya vikanyagio magoti yakiwa malegevu, kutazama mbali mbele badala ya kulitazama jiwe linalotisha, kwa kuwa gurudumu hufuata jicho. Ipo furaha ya kufika juu ya vilima vya Ngong asubuhi na kuliona Bonde la Ufa limefunguka chini yako. Furaha hiyo haihitaji kuvikwa kanzu ya manufaa. Aibu imo katika kuivika, kwa maana kitu kilichonunuliwa kwa jina la haja hulipiwa kutoka katika mfuko wa haja: karo ya mdogo wako, mabati ya nyumba ya wazazi, akiba ya ugonjwa. Kilichonunuliwa kwa jina la mchezo hulipiwa kutoka katika mfuko wa mchezo, na kama mfuko huo ni mtupu, jibu limepatikana bila mabishano.

Hesabu yenyewe haimshindi mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Tuseme, kwa kukadiria tu, pikipiki ni shilingi 600,000. Mwaka una Jumamosi 52. Toa za masika na za vuli, toa za mazishi na harusi, toa za kazi iliyobaki. Zikibaki 15 mtu ana bahati. Kwa miaka 5 ni siku 75, nayo kila siku imegharimu shilingi 8,000 kabla ya petroli, bima na tairi. Akiweza kuiuza mwishoni kwa nusu ya bei, ni shilingi 4,000. Huenda siku moja ya namna ile yastahili shilingi 4,000. Mimi siwezi kumwamulia mtu mwingine thamani ya furaha yake. Naweza tu kumwomba asiikubali bei hiyo gizani.

Kisha kuna mwili. Kofia ngumu huamriwa na sheria ya barabara ya Kenya, na mwenye akili huongeza viatu virefu vya ngozi ngumu na vikinga vya magoti, kwa kuwa kijiani mtu huanguka hata akienda polepole, na kifundo cha mguu huweza kuvunjika chini ya pikipiki iliyokuwa ikitambaa tu. Watu husema, “Shingo ni yangu.” Maneno hayo ni ya kijana asiye na mtu anayemtegemea, na hata yeye amesahau ni nani atakayeketi kando ya kitanda chake hospitalini. Mwenye watoto hana shingo iliyo yake peke yake. Sisemi asiende. Nasema asiende peke yake, asiende bila kutaja njia atakayoifuata, na gharama ya mavazi ihesabiwe pamoja na pikipiki, isiachwe kuwa jambo la mwezi ujao.

Sasa tufike kijiani penyewe, ambapo naona wanunuzi wengi huacha kufikiri. Kibao cha nambari kilitoa ruhusa ya barabara; hakikutoa ruhusa ya kila mahali gurudumu linapoweza kufika. Kijia kile kilichokanyagwa hadi kikawa laini hakikuumbwa kwa ajili ya matembezi yako. Wanawake waendao mtoni ndio waliokifanya, na watoto wa shule, na mbuzi. Tairi yenye meno ikipita juu ya udongo uliolowa, huchimba mfereji; mvua ifuatayo huuona mfereji huo kuwa njia yake; na baada ya misimu michache mahali palipokuwa na kijia pana korongo. Wewe umekwenda nyumbani siku ile ile. Mwenye ndoo kichwani yuko pale pale, anatafuta pa kuweka mguu.

Wengine walilitambua jambo hili mapema. Huko Marekani, mwaka 1972, miaka minne tu baada ya DT-1 kutokea, Rais Nixon alitoa amri kwamba katika ardhi za serikali kuu magari ya porini, pikipiki zikiwamo, yapite katika sehemu na njia zilizotengwa. Kwetu misitu ya serikali inalindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016. Lakini sehemu kubwa ya vijia vyetu haipiti msituni. Hupita mashambani na malishoni, mahali ambapo hapana bango, na mlinzi ni mzee aliyeketi chini ya mti.

Hapo ndipo ninapokipenda tena kile kibao cha nambari ambacho nilikilaumu. Mwenye pikipiki isiyo na nambari hupita kama mwizi apitavyo, na vumbi humficha. Mwenye nambari husomeka. Yule mzee aweza kuikariri na kumwambia chifu ni nani aliyewatawanya ng'ombe wake. Kwa hiyo mtu aliyekwisha kuhesabu fedha yake na siku zake na mwili wake, naye akaona bado anaitaka, na ainunue. Na afikapo penye shamba asilolijua azime injini mbali kidogo, avue kofia uso uonekane, aamkie, aulize kama njia hupitika. Akiambiwa hapana, aisukume pikipiki yake kwa mkono hadi barabarani kabla ya kuiwasha, ng'ombe wasishtuke.