Damu Iliyokutwa Shambani

Kumbukumbu la Torati 21:1-9



Katika torati imo sheria moja isiyosomwa sana makanisani mwetu. Maiti ya mtu aliyeuawa ikionekana porini, wala muuaji asijulikane, wazee na waamuzi walipaswa kutoka na kupima mwendo toka pale mpaka miji ya kando kando. Mji uliokuwa karibu kuliko yote ulilichukua jambo lile mbele za Mungu. Wazee wake walimleta mtamba, wakanawa mikono juu yake, wakashuhudia ya kwamba hawakuua wala hawakuona, wakaomba rehema kwa ajili ya damu ile.

Angalieni: wazee wale hawakuua mtu. Hata hivyo hawakuruhusiwa kukaa barazani na kusema, "Si sisi." Yaliwapasa kwanza watoke wakapime.

Sisi watu wa Uluguru twajua tangu zamani majeshi ya kigeni huacha nini nyuma yao. Mwezi wa Agosti 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Morogoro, na Wajerumani wakarudi nyuma kuizunguka milima yetu. Wakubwa wale waligombania nchi isiyo yao. Lakini mizigo ilichukuliwa vichwani mwa watu wetu, na chakula kikatolewa ghalani mwao. Baadaye ikafika zamu yetu sisi kuwa jeshi la kigeni katika nchi ya wengine, nalo jambo hili hatupendi kulipima.

Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakaingia Kagera, yakaua na kupora, na Amin akatangaza ya kuwa nchi ile ni yake. Mkoa ule una sharika nyingi za Kilutheri, zilizoongozwa siku zile na Askofu Josiah Kibira. Mwalimu Nyerere akawapeleka askari na mgambo waliotoka pande zote za nchi. Na mwezi wa Aprili 1979 mji wa Kampala ukatwaliwa. Hapana mwenye haki awezaye kuulilia utawala ule, uliomwua Askofu Mkuu Janani Luwum mwezi wa Februari 1977, pamoja na watu wengi sana, Wakristo na Waislamu pia.

Walakini Amin alikuwa Mwislamu, naye alijionyesha kuwa mtetezi wa dini ile. Basi alipokimbia, wengine waliomwogopa jana wakawatafuta wasioweza kukimbia. Mwezi wa Juni 1979, katika nchi ya Ankole upande wa Bushenyi, makumi ya Waislamu waliuawa, na miili yao ikatupwa katika mto Rwizi. Mwezi wa Oktoba 1980, askari wa zamani wa Amin walipovuka mpaka na kuingia West Nile, jeshi jipya la Uganda lililipiza kisasi juu ya raia wa huko, kwa sababu Amin alikuwa wa upande ule. Watu maelfu na maelfu walikimbilia Sudan na Zaire. Tena tarehe 24 Juni 1981 waliuawa hata watu waliojificha katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua. Kisasi kilianza kwa kuwatafuta Waislamu; hakikupita miaka miwili, kikaingia katika ua wa kanisa.

Je, damu hii ni juu ya nani? Mmoja husema, "Ni juu ya Amin." Wa pili husema, "Ni juu ya Tanzania, kwa kuwa ndiyo iliyovunja mlango." Wa tatu husema, "Ni juu yao walioshika silaha." Kila mmoja ataka kumtwika mwenzake mzigo wote, apate kwenda zake mikono mitupu. Lakini hatia si mkate, hata ukimpa huyu kipande kikubwa, cha yule kikapungua.

Kwanza, aliyeua ameua. Kaini hakupata udhuru. Hapana jeshi la kigeni lililomshika mtu mkono pale Bushenyi, wala mateso ya miaka minane hayakuwa hati ya kumwua jirani. Mwislamu aliyelima shamba lake kando ya shamba la Mkristo hakuwa Amin. Nchi ile ilikuwa na makanisa mengi. Kwa hiyo yatupasa sisi Wakristo kuona haya kabla ya wengine.

Pili, aliyefungua shimo ana neno la kujibu. Katika Kutoka 21 torati yasema ya kwamba mtu akichimba shimo asilifunike, ng'ombe wa jirani akitumbukia, mwenye shimo hulipa. Haulizwi kama alikuwa na haki ya kuchimba. Huulizwa kama alifunika. Sisemi ya kuwa ilikuwa dhambi kumwondoa mtesaji. Lakini mwezi wa Februari 1979 askari wetu waliibomoa miji ya Masaka na Mbarara kulipiza yaliyofanyika Kagera. Mbarara ndio mji mkubwa wa Ankole, na mto Rwizi wapita papo hapo. Miezi minne baadaye mto ule ulichukua maiti. Ni nani awezaye kuapa ya kwamba majirani hawakujifunza kitu kwa kutazama? Tena serikali iliyotokana na mkutano wa Moshi wa mwezi wa Machi ilikuwa dhaifu. Rais Lule hakumaliza siku 70. Mlango ulivunjwa, na bawabu hakuwako.

Tatu, wako walioona wakanyamaza. Wazee wa torati walishuhudia ya kwamba macho yao hayakuona. Asiyeweza kusema neno hilo kwa kweli asinawe mikono.

Basi, ndugu, tupime na hapa kwetu. Katika ukoo mmoja wa Uluguru mjomba ni Mwislamu na mpwa ni Mkristo, nao huchimba kaburi pamoja. Neema hii huharibika kwa maneno kabla ya kuharibika kwa panga. Mtu akitajwa kwa dini yake badala ya jina lake, tumrudi asemaye, hata akiwa mzee wa kanisa. Dhambi ya mtawala isitwikwe waumini wenzake. Na katika Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, tunapowakumbuka askari wetu walioanguka, tuwataje pia mbele za Mungu wafu wa Bushenyi na wa Ombaci. Huko ndiko kutoka na kupima.

Wala tusiogope kupima. Pilato alinawa mbele ya watu, asitakasike. Bwana Yesu, ambaye mikono yake peke yake ilikuwa safi, hakunawa. Aliitoa ipigiliwe misumari kwa ajili ya wauaji, na kwa ajili yao walionyamaza. Hatupimi tupate kuhukumiana, bali tupate kujua ni damu gani tunayoiombea msamaha. Yeye atusaidie kusema kweli, na kufunika kila shimo tulilolifungua. Amina.