Je, Imani Hurithiwa?

Ndugu msomaji, watu wawili hutujia wakiwa na kosa moja. Wa kwanza amezaliwa katika nyumba ya Kiislamu, naye husema: "Dini ninayo tangu kwa wazee wangu, nitafute nini tena?" Wa pili ameingia juzi na jamaa zake wamemtenga, naye huuliza: "Kama nimeifuata haki, mbona nimepatwa na dhiki ambayo waliozaliwa humu hawakuionja?" Wote wawili wanadhani kwamba imani hurithiwa.

Sisi twaamini ya kuwa neno la Mungu na kazi ya Mungu havipingani. Basi tuitazame kazi Yake katika mmea mdogo wa Ulaya, wa jamii ya kabichi, uitwao arabidopsi. Ziko aina zake ambazo huota kabla ya majira ya baridi, zikakaa miezi hiyo yote bila kutoa ua. Ndani ya seli zake mna jeni ambayo wataalamu huiita FLC, na kazi yake ni kuzuia ua. Baridi ikidumu kwa wiki nyingi, jeni hiyo hunyamazishwa kidogo kidogo, na joto lirudipo haiamki tena. Ndipo siku zirefukapo, majani hufanya protini iitwayo FT, ambayo husafiri hadi ncha ya shina na kupeleka amri ya kuchanua. Safari hiyo ilithibitishwa mwaka 2007.

Lakini ajabu kubwa zaidi imo katika mbegu. Mbegu inapofanyika, kizuizi kile huamshwa upya. Mbegu hurithi jeni za mzazi wake, bali hairithi baridi aliyoivumilia mzazi. Wala huu si ukatili: kama mche ungechanua mapema kwa kutegemea uvumilivu wa mzazi, baridi ingeliua ua kabla halijazaa.

Vivyo hivyo mtoto hurithi jina, malezi na mafundisho, na hiyo ni neema kubwa; lakini machozi ya sala za baba yake hayarithi. Mwana wa Nabii Nuhu a.s. aliangamia ingawa baba yake alikuwa Nabii, na Nabii Ibrahimu a.s. alitoka katika watu waabuduo masanamu. Kurani Tukufu, katika sura Al-Ankabut, yatufundisha kwamba kusema tu kuwa tumeamini hakutoshi pasipo kujaribiwa.

Labda utasema: mmea hulazimishwa na jeni zake, je, nasi tu hivyo? La. Mmea hauna thawabu kwa kungoja, maana hauwezi kufanya jingine. Mtu aweza kuikimbia baridi yake, akarudi alikotoka ili apendwe na jamaa, au akajifunika jina la babu yake. Kwa kuwa aweza kukimbia, subira yake ina thamani mbele ya Mungu.

Basi wewe uliyetengwa, usivunjike moyo, wala usijione bora kuliko wengine. Wao nao wana baridi yao. Nawe uliyezaliwa humu, jiulize usiku wa leo: katika dini yangu, ni lipi nililolipata kwa sala yangu mwenyewe?

Mwenyezi Mungu Atujaalie subira na Atuchanulie kwa wakati Wake. Amin.